Mstari Mwekundu Juu ya Nati

Kama hujawahi kuona mashua juu ya kilima, ungekuja Rebero, hapa Kigali. Yetu ilikaa uani, juu ya trela lake, kati ya tangi la maji na kamba yangu ya kuanikia nguo, pua imeelekea bondeni kana kwamba inasubiri gharika. Jirani yetu Twagirayezu alipata la kusema. Kila umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo mtaa mzima unatoka kufyeka majani na kuzibua mitaro, alinyoosha mgongo na kuuliza kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mama Liliane, mvua ikizidi mtatubeba na sisi, ama ni ya wanyama tu?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, meno nje, huku ndani nachemka.

Ila sikuwa nachemka kwa sababu ya Twagirayezu. Wala mashua yenyewe haikuwa na kosa. Kilichokuwa kinanila ni kicheko kilichotoka ndani ya mashua hiyo kila Jumamosi: cha mume wangu na cha mwanamke mwingine, wote wawili wamejibana chini ya dashibodi ambako hata paka angeomba nafasi.

Mume wangu ni Silvère. Anauza vigae vya sakafu, ni mtu wa maneno machache, na shati lake halikosi vumbi la saruji. Mashua aliinunua Nyarutarama kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago. Aliifikisha nyumbani nyuma ya lori, akashuka, akaniambia, "Ni yako. Sikukuu ya ndoa yetu tutaisherehekea Ziwa Muhazi, juu ya maji." Basi. Akaenda kuoga.

Nilijua imetoka wapi zawadi hiyo. Mimi nimekulia Bujumbura, mtoto wa ziwa. Yeye amekulia milimani, Muramvya, ambako maji ni yale ya mtungi. Tulipoanza kukaa pamoja nilikuwa na upanga mmoja tu wa ugomvi, nao haukupata kutu. Akinichelewesha, akinisahau, akinijibu ovyo, nilisema, "Kagabo alikuwa na mashua." Kagabo ndiye aliyekuwa ananiposa kabla yake. Silvère hakuwahi kunijibu. Aliinuka kwenda kutafuta miwani yake, na miwani iko usoni. Miaka ikapita hivyo, mwisho akaleta mashua.

Tatizo ni kwamba iliingia kwetu ikiwa mgonjwa. Injini iliwaka vizuri. Lakini ukiwasha ile taa kubwa ya mbele pamoja na taa ndogo za pembeni, geji zote za dashibodi zililala. Mshale wa mafuta ulidai tangi ni tupu, na kile kioo kinachoonyesha kina cha maji kilizimika kabisa. Ukizima taa, kila kitu kinafufuka. Silvère alisema hatuwezi kuingia ziwani na chombo kisichojua kina cha maji, akaenda Gitega, ule mtaa wa hapahapa Kigali, kutafuta fundi wa umeme wa magari.

Nilitegemea mwanamume mwenye kitambi. Akashuka Raïssa.

Huyo Raïssa ni binti wa Kiislamu wa kule Gitega, ana miaka thelathini hivi, kilemba kimefungwa vizuri kichwani, ovaroli ya buluu, na kicheko kinachoanzia tumboni. Aliniamkia kwa heshima zote, akavua viatu kabla ya kupanda mashua kana kwamba anaingia sebuleni kwa watu. Jumamosi ile ya kwanza aliona ugonjwa kabla chai haijapoa: nati ya waya wa hasi, nyuma ya dashibodi, ilikuwa imeshika kutu. Akaisugua, akaikaza, geji zikasimama. Nikamkatia na kipande cha keki. Keki yangu!

Jumamosi iliyofuata Silvère akawasha taa ili tujiandae na safari. Geji zikalala tena.

Raïssa akarudi. Akabadilisha fyuzi. Jumamosi nyingine akabadilisha swichi. Nyingine akavuta waya mpya kutoka kwenye betri, kule nyuma, hadi mbele. Kila akiondoka kitu kimepona, na kila anaporudi kimeugua. Nao kule chini wanacheka! Mimi nilisimama kwenye kamba nikianika shuka lilelile mara mbili, masikio yamenisimama. Nilisikia "Nimewasha!" ya mume wangu, halafu sauti ya Raïssa ikisema jambo, halafu kicheko. Mtu aliyekaa na mimi mezani mwaka mzima bila kunichekesha, kumbe kicheko anacho, amekiweka akiba.

Nilikuwa na wivu. Sitaki kuuita jina jingine. Nilimpigia dada yangu Mukandekezi, naye anakaa Gitega, si mbali na gereji ile. Akaniuliza kwanza kama binti ana mume.

"Hana," nikasema.

"Yewe Vestine! Na mashua inaharibika kila wiki?"

"Kila wiki."

"Sasa unangoja nini? Lisemwalo lipo."

Halafu ikaja rangi. Ijumaa moja jioni Silvère aliingia kutoka uani, alikokuwa ameenda, alisema, kufunika mashua na turubai. Alipopokea sahani niliona wekundu kwenye kidole gumba chake, pembeni ya ukucha. Haikuwa damu. Nilimshika mkono kama ninayemwondolea uchafu, nikanusa. Rangi ya kucha. Ijumaa iliyofuata niliiona tena, safari hii kwenye mkono wa shati. Nilifua lile shati kwa nguvu mpaka kifungo kikang'oka, kisha nikatoa begi langu juu ya kabati, nikaweka nguo za wiki moja, nikalisukuma chini ya kitanda. Nilishaamua: siku nikishika ushahidi mkononi, nakwenda kwa Mukandekezi, na mashua ibaki na wenyewe.

Ushahidi nilikwenda kuutafuta mwenyewe, Jumamosi ya umuganda. Kazi ya mtaa ilikwisha, Silvère akapita kituoni kununua petroli, na Raïssa akafika kabla hajarudi. Nilimkuta ameshavua viatu, anafungua kisanduku chake cha spana. Na mle ndani, kati ya koleo na tepu, kimelala kichupa cha rangi ya kucha. Chekundu.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Iko rangi, mama."

"Naona ni rangi. Unapaka nani?"

Akanitazama, akatazama mikono yake, akacheka. Kucha zake zilikuwa fupi kama za mtoto wa shule, zimejaa grisi. "Mama, mimi nipake wapi? Hii ni ya nati. Nikishakaza nati, napitisha mstari moja juu yake mpaka kwa chuma. Nati ikizunguka kidogo tu, mstari inakatika, naijua mara moja. Mafundi wote pale kwetu tunafanya hivyo."

Lakini wivu ukishaingia nyumbani hauondoki kwa sababu umeonyeshwa mlango. Nati, sawa. Na kidole cha mume wangu je? Na shati?

"Bosi iko wapi?" akauliza. "Leo nataka kupima mpaka mwisho, na kazi hii ni ya watu wawili."

"Kwa nini wawili?"

"Mmoja anashika mita huku chini, mwingine anawasha taa pale juu. Waya mbovu isipobeba kitu, mama, inajifanya mzima. Unapima, volti zote ziko. Ukiibebesha mzigo ndio inasema ukweli."

"Basi leo wa pili ni mimi," nikasema, nikapanda. Sikuvua viatu. Mashua ni yangu.

Ndipo nilipoketi ndani yake kwa mara ya kwanza. Siku zote nilikuwa naizunguka na ndoo. Raïssa alijilaza chali, akajipenyeza chini ya dashibodi ikabaki miguu, akanionyesha swichi nne za kuwasha. Betri aliisoma kwanza: volti kumi na mbili na kitu. Akashika sindano za mita nyuma ya geji.

"Washa, mama."

Nikawasha zote nne. Taa kubwa ya mbele ikamulika shuka zangu kwenye kamba. Mishale ya geji ikalala palepale.

"Mama! Umewasha?"

"Si uliniambia niwashe?"

"Inasoma tisa na nusu." Kichwa kikachomoza. "Bosi akisema 'nimewasha', mita yangu haiteremki hata kidogo. Karibu volti zote ziko. Ndio maana nilikuwa napotea, nabadilisha fyuzi, nabadilisha swichi. Na huku chini mimi siwezi kuona taa."

"Hizi swichi ni nne," nikasema. "Hakuna mtu mzima anayeweza kuzikosa."

Nadhani kila mmoja wetu aliona kwamba bosi hakuwa anaziwasha, ila hakutaka kuwa wa kwanza kulisema. Raïssa akarudi chini. Alipima kutoka hasi ya betri mpaka mwisho wa ule waya mpya, hakuna kilichopotea. Akasogeza sindano kidogo tu, kutoka ncha ya waya mpaka kile kibati cha shaba ambako hasi zote za dashibodi zinakutana. Hapo mita ikaruka.

"Umeme wote inapotelea hapa. Kwa nati hii." Akasita. "Lakini haiwezekani. Mstari wangu iko mzima. Haikukatika. Angalia mwenyewe."

Nilishuka magotini, nikaingiza kichwa ubavuni mwake. Alinimulikia kwa tochi ya simu. Kweli, mstari ulipita juu ya nati mpaka kwenye kibati, umenyooka, haujavunjika.

Sasa nikwambie kitu kuhusu wanawake na rangi. Rangi ya Raïssa, ile ya kwenye kichupa, ilikuwa nyekundu ya nyanya, ya kununua sokoni. Mstari huu ulikuwa damu ya mzee, na ndani yake mlikuwa na vumbi dogo linalometameta. Fundi akiitazama gizani atasema imeshika grisi. Mimi sikuhitaji tochi. Rangi hiyo aliniletea binti yangu Liliane alipokuja likizo, na kichupa chake kinakaa kwenye droo yangu, upande wangu wa kitanda.

"Huo si mstari wako," nikasema. "Huo ni wangu."

Raïssa akaweka spana kwenye nati. Haikumpinga hata kidogo. Ilikuwa imelegezwa, kisha ikapakwa upya juu, taratibu, na mtu mwenye mkono mzuri. Mtu aliyezoea kuchora mistari kati ya vigae.

Kikulacho ki nguoni mwako. Damu ilinipanda kichwani nikasikia masikio yanalia. Kumbe hivyo! Ijumaa anafungua nati, Jumamosi anaitiwa binti. Analegeza mashua yangu, kwa rangi yangu, ili mwanamke arudi kwangu kucheka! Nilimgeukia Raïssa, na nadhani aliona macho yangu, maana alijisogeza mpaka ukingoni.

"Wallahi, mama, mimi sijui kitu."

"Mlikuwa mnacheka nini humu? Kila Jumamosi. Nini kinachochekesha ndani ya waya?"

"Bosi alikuwa ananiuliza maswali." Alikuwa karibu kulia. "Aliniuliza kama mashua ikijaa maji inazama pole pole ama mara moja. Kama ile jaketi ya machungwa, ya kuelea majini, inaweza kubeba mtu wa kilo tisini. Kama mtu anaweza kuivaa chini ya koti, mke asione. Mimi nikacheka, mama, nilifikiri anatania! Yeye pia akacheka."

Geti likalia. Silvère aliingia na dumu la petroli mkononi, akaona taa zote zinawaka mchana kweupe, akaona vichwa viwili vya wanawake vinatokeza ndani ya mashua. Aliliweka dumu chini, polepole, kama mtu aliyefika msibani.

"Papa Liliane," nikasema, "rangi iliyo kwenye nati hii ni ya nani?"

Akatafuta miwani yake. Iko usoni.

"Usitafute miwani! Nimekuuliza. Unamfungulia nati ili arudi? Sema mbele yake. Begi langu liko tayari chini ya kitanda, sema tu nijue nalibeba lini."

"Si kwa ajili yake," akasema.

"Kwa ajili ya nani?"

Alimtazama Raïssa, akaona aibu, akanitazama mimi, aibu ikazidi. Twagirayezu alikuwa ameshafika kwenye ukuta, nywele zake zinaonekana juu ya matofali. Silvère alisogea mpaka ubavuni mwa mashua ili asisikike mbali.

"Mimi siwezi maji, Vestine. Unajua siwezi. Siku ile ya Bujumbura, baada ya harusi, nilishindwa kupita maji ya magoti, ukacheka mpaka ukakaa mchangani. Nikasema nitanunua mashua, nitazoea. Imekuja. Kila nikiitazama napata jasho." Alishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, na ilikuwa juu ya nchi kavu. "Tukifika Muhazi utaniona nimeshikilia kiti kama mtoto. Utacheka. Halafu utamkumbuka Kagabo, alivyokuwa anasimama wima na kuendesha kwa mkono mmoja. Miaka yote hii naye ndiye anayekaa na sisi mezani. Nilisema, wacha iharibike. Mashua mbovu haimwaibishi mtu."

Nitasema kilichonipata, hata kama si kizuri. Nilifurahi. Nilisimama pale na hasira yangu mkononi, na ndani kabisa kitu kikawa kitamu kama muwa. Kumbe tulikuwa wawili. Kumbe huyu mtu wa vigae, asiyejibu, asiyenuna, alikuwa analala na wivu kama wangu, tena wake ulikuwa mzee kuliko wangu.

Halafu utamu ukaisha, kwa sababu nilimwona jinsi alivyoushika ule ukingo.

"Kasimama wima, ndiyo," nikasema. "Kwa mkono mmoja, ndiyo. Niliona kila Jumapili. Niliona kutoka ufukweni."

Hakuelewa.

"Alikuwa anawapandisha wasichana wengine, Silvère. Leo huyu, kesho yule. Mimi aliniambia nikae na viatu vyao, nivilinde. Nilikaa kwenye mchanga nikiwasikia wanavyocheka katikati ya maji. Jumapili zote zile, mpaka nilipoacha kwenda. Ile mashua sikuikanyaga."

Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Hata Mukandekezi hajui. Uso uliniwaka nikatazama shuka zangu, na ile taa kubwa bado ilikuwa inazimulika bure.

"Hata mara moja?" akauliza Silvère.

"Hata mara moja."

Raïssa, maskini, hakujua aangalie wapi, alikuwa bado ameshika spana, na mwisho akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza bei, "Sasa bosi... nikaze, ama niache?"

Nilitaka kujibu mimi. Nilitaka kusema aache, iuzwe, nimeshachoka na maji na watu wa maji. Lakini Silvère alikuwa ameshainama, anafungua kamba za viatu. Alivivua, akavipanga kando ya gurudumu la trela, akapanda mashua kwa shida, tumbo kwanza. Akaketi kando yangu. Alikuwa ananuka petroli, na mkono wake uliponishika ulikuwa umelowa jasho.

"Kaza," akamwambia Raïssa. "Kaza mpaka mwisho. Kesho tunakwenda Muhazi."

Raïssa akaisugua, akaikaza mpaka ikalia. Nikaenda chumbani kuchukua kichupa changu, nikapitisha mstari mwenyewe, ukaenda upande. Silvère akanyoosha kidole kwenye swichi.

"Nimewasha," akasema.

Nilichungulia kwanza. Zote nne.